Umri wa Kuutazama Msiba wa Nkololo

Mwaka 1999, mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza kulainisha mashamba na watu wa Bariadi wakitafuta mbegu za pamba, niliingia katika ofisi ya utamaduni ya wilaya nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Waajiriwa wapya wenzangu walikuwa na miaka ishirini na kitu. Mimi darasa la kwanza nililianza nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji mwingine, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa tayari na watoto wawili. Siyaelezi haya ili nihurumiwe. Nayaeleza ili ninyi mnaoikalia sasa meza ile mjue kwa nini mnakuta tarehe kwenye kila karatasi niliyoiacha. Mtu aliyechelewa kuanza hapendi siku zimpotee.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Maduhu, afisa utamaduni aliyekuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Kwenye kona ya ofisi palikuwa na runinga na deki ya kanda, vyote vimefunikwa kitenge cha maua mekundu. Alikifunua kile kitenge taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

"Binti," akasema, "filamu yoyote itakayoonyeshwa hadharani katika wilaya hii inapita hapa kwanza. Ngoma tunazikagua uwanjani, filamu tunazikagua hapa. Vumbi likiingia kwenye deki, wewe ndiye uliyeliingiza."

Nilikuwa mama wa watoto wawili, lakini ile "binti" niliipokea. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo kwa muda mrefu.

Mzee Maduhu alinifundisha jambo moja ambalo nimelifuata hadi mwisho wa utumishi wangu. Kila filamu aliitazama mara mbili. Mara ya kwanza aliitazama na sauti yake, kama mwananchi wa kawaida. Mara ya pili alizima sauti kabisa, akavuta kiti mbele. Nilipomuuliza sababu, alijibu bila kugeuza macho: "Sauti ni wakili wa picha. Mtoe nje wakili, umuulize mshtakiwa mwenyewe." Mwanzoni niliona ni mazoea ya mtu mzima anayechoshwa na kelele. Baadaye nikagundua kwamba filamu nyingi zinazotisha hazitishi sauti ikizimwa, na kwamba nyingine zinazochekesha, ukizinyamazisha, unaona mtu akipigwa kwelikweli.

Mwaka 2004 nilihamishiwa Meatu, nikapanga chumba Mwanhuzi. Kule kazi kubwa ilikuwa vibanda vya video, hasa siku za gulio. Mtu ananunua runinga na jenereta, anazungushia turubai, anaita ukumbi. Sheria ilimtaka mwenye ukumbi asiwaruhusu watoto kuingia kwenye filamu za wakubwa, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuitii. Mwenye kibanda mmoja pale Mwandoya alichora mstari wa mkaa kwenye nguzo ya mlango. Aliyeufikia mstari kwa kichwa alikuwa mtu mzima, asiyeufikia alikuwa mtoto. Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka asubuhi moja mchuuzi wa ng'ombe, mfupi, mwenye fimbo na kofia ya heshima, alipofika ofisini kwangu akitetemeka kwa hasira.

"Mama Afisa, nina wake wawili! Nina mkwe! Jana nimeambiwa mbele ya watu nikacheze nje na watoto!"

Nilikwenda Mwandoya kumweleza mwenye kibanda kwamba umri haupimwi kwa nguzo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Sasa niwadai vyeti vya kuzaliwa, Mama? Na wewe nikikudai cha kwako, unacho?" Sikuwa nacho. Nilikipata mwaka uliofuata, na nilikitafuta kwa sababu ya swali lake. Tuliafikiana kwamba atakuwa anamuuliza anayemtilia shaka yuko darasa la ngapi. Mtoto wa shule hujibu upesi kabla hajafikiri, na ninyi pia mtaona kwamba njia hii haijazeeka.

Nilirudi Bariadi mwaka 2011. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa malori ya pamba, alifariki mwezi wa Mei mwaka 2013, msimu wa ununuzi ulipokuwa ndio kwanza unafunguliwa. Watu walijaa nyumbani kwangu hadi wengine wakakaa barabarani. Matanga yalipoanuliwa, kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake, kama inavyopaswa, na watoto wangu wakarudi Mwanza na Dodoma. Mimi nikarudi kazini. Siku hiyo wenzangu walinionea huruma, wakaniambia gari la ofisi litakuwa linanipitia nyumbani asubuhi na kunirudisha jioni. Niliwajibu kwamba miguu yangu haijafiwa. Walinielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Hawakurudia kuniuliza, na kwa miaka kumi iliyofuata nilikwenda kazini na kurudi kwa miguu, peke yangu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2023, kiangazi, nikiwa na miaka hamsini na tisa, kamati ya filamu ya wilaya ililetewa kazi ya wanafunzi ili iipangie umri wa watazamaji. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Filamu iliitwa *Vigoda Viwili*, ya dakika zisizofika thelathini, iliyotengenezwa na klabu ya shule moja ya sekondari chini ya uongozi wa Kabula, msichana wa kidato cha tatu mwenye miaka kumi na saba. Walikuwa wameirekodi Nkololo, kwenye kaya ya bibi yake, Bibi Minza, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu. Hadithi yenyewe ni fupi. Mzee anafariki, mjane analia, majirani wanakuja, majirani wanaondoka. Kisha kwa nusu nzima ya filamu tunamwona mjane peke yake. Anafagia, anachota maji, anawafungia kuku. Kila jioni anatoa nje vigoda viwili kwa mazoea, anakaa kwenye kimoja, anakitazama cha pili, halafu anakirudisha ndani.

Tulikutana Alhamisi, tarehe 3 Agosti. Mwenyekiti alikuwa Bwana Luhende, mtu mkweli na mwoga wa mikosi. Walikuwepo pia mchungaji mmoja wa kanisa la mjini na afande kijana wa kike kutoka dawati la watoto la polisi. Filamu ilipokwisha, Bwana Luhende alivua miwani.

"Kumi na nane," akasema. "Ionyeshwe ukumbini, mlango umefungwa, yaishe."

"Kwa kosa gani, Mwenyekiti?" afande akauliza. "Hakuna damu, hakuna matusi, hakuna pombe. Hata busu halimo."

"Kuna msiba wa kuigiza. Msiba hauigizwi. Na isitoshe, mwenyekiti wa kitongoji cha kule amenipigia simu mara tatu. Watu wamekasirika."

"Waliotengeneza wana miaka kumi na saba. Tutawakataza wasiione kazi yao wenyewe?"

"Wameshaiona walipokuwa wanaitengeneza."

Mchungaji akacheka, kisha akajiona amecheka, akakohoa. Tulikubaliana kwamba kabla ya kuamua, katibu aende Nkololo akajue hasira hiyo imetoka wapi.

Nilikwenda kwa bodaboda Jumamosi, tarehe 12 Agosti. Kabula alikuwa amenitangulia, nami nikamtaka aanze mwanzo.

Kwetu, kama mjuavyo, mtu akisikia kilio cha mwanamke kikitoka kwenye kaya ya jirani haulizi swali. Anaacha jembe, anachukua unga au kuni, anakwenda. Wanafunzi walikuwa wameomba ruhusa kwa mkuu wa shule na kwa Bibi Minza mwenyewe, lakini hakuna aliyewaambia majirani. Bibi alipoanza kulia mbele ya kamera, Nkololo yote ya upande ule ilisikia. Wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wanawake na mabeseni ya unga, watoto na kuni kichwani. Wakakaa chini, wakalia naye.

"Na nyinyi hamkuzima kamera?" nikauliza.

Kabula akainamisha kichwa. "Sisi tulidhani Mwalimu wetu wa klabu ndiye kawaita waje kuigiza, Mama. Tukasema Mwalimu ametufanyia jambo kubwa. Mwalimu naye alidhani tumewaita sisi. Alikuwa ananiambia kwa ishara, safi, safi, endelea."

"Mlijua lini?"

"Walipofika wanaume wenye sululu na majembe, wakauliza kaburi lichimbwe upande gani."

Nilikaza uso, kwa sababu nilikuwa kazini.

Bibi Minza alitoka ndani akiwa na kigoda kwa kila mkono. Tulisalimiana, "Mwangaluka," "Mwangaluka," akanikalisha. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya juu kuliko mwili wake. Nilimuuliza anaishi na nani.

"Na kuku. Jogoo ndiye mkubwa wa nyumba."

"Na majirani?"

"Majirani wapo kwao." Akaonyesha kwa kidevu paa moja ng'ambo ya shamba, kisha jingine. "Wanasema niliwaliza bure. Unga wao nimerudisha mwenyewe, beseni kwa beseni. Wengine walipokea. Wengine walitoa mkono tu mlangoni, uso wakaubakiza ndani. Watoto walikuwa wanakuja hapa kula mapapai, sasa wamekatazwa. Wameambiwa hapa watu wanacheza na kifo."

"Ulipokuwa unalia, Bibi, waliokuwa wanarekodi walikuambia ulie vile?"

Alikung'uta vumbi kwenye kanga yake.

"Waliniambia nilie kidogo. Nikaanza kidogo, nikashindwa kuacha. Mume wangu Masanja alikufa wakati wa masika, mto umejaa, watu wa ng'ambo hawakuweza kuvuka. Tulimzika tukiwa wachache, na mvua inanyesha, kila mtu ana haraka. Siku ile ya kamera, mayu, mama yangu, nilipofumbua macho nikaona watu wamejaa mpaka kule kwenye zizi. Nikasema, kumbe wamekuja. Wamechelewa, lakini wamekuja. Basi nikamlilia vizuri."

Kabula hakuwa amewahi kulisikia hilo. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda.

Nilimuuliza Bibi anataka nini. Alijibu bila kuzunguka. Anataka filamu ionyeshwe hapa, kwenye uwanja wake, jioni, watu wote waje, wakubwa kwa wadogo, waone kwamba machozi yao hayakutupwa. "Ikionyeshwa mjini kwenye ukumbi," akasema, "hapa patabaki hivi hivi." Akanisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilipogeuka barabarani nilimwona anarudi, anachukua vigoda vyote viwili, anaviingiza ndani. Saa sita mchana ilikuwa haijafika.

Siku hizo nyumbani kwangu niliitazama filamu ile kwenye kompyuta ndogo ya ofisi, kwa utaratibu wa Mzee Maduhu, na sauti kisha bila sauti. Niliitazama zaidi ya mara mbili, na sehemu ya vigoda niliitazama zaidi ya hapo. Katika kanuni zetu kuna kipengele cha ukatili, cha uchi, cha lugha chafu, cha ulevi, cha uchawi. Nilizisoma tena zote, nikitafuta kama kuna mahali panaposema ni kuanzia umri gani mtu anaruhusiwa kuuona upweke. Hapakuwa na neno. Chai yangu ilipoa. Nilikuwa nimeitenga katika vikombe viwili, kama kawaida yangu, nami sikuona kwamba jambo hilo linaihusu kamati.

Tulikutana tena Ijumaa, tarehe 25 Agosti, saa tatu asubuhi. Nilitoa taarifa ya Nkololo kama nilivyoipata, pamoja na maneno ya Bibi kuhusu masika na mto. Bwana Luhende alisikitika kwa dhati, lakini hakubadilika.

"Namhurumia bibi wa watu. Ila watoto wadogo kutazama kilio cha namna ile, hapana. Wataota usiku."

Afande akanigeukia. "Mama Katibu, wewe unasemaje?"

"Katibu hana kura."

"Sijakuomba kura, Mama. Nimekuomba neno."

Kwa miaka mingi nilikuwa nimelitumia jibu lile la kura kama mlango, na sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuubisha mara ya pili. Nikasimama, nikaomba ruhusa tuitazame tena sehemu ya msiba, sauti imezimwa. Mwenyekiti akakubali kwa kuwa hakuona madhara.

Wakili alipotoka nje, yale mayowe yakaondoka, ikabaki mikono. Mikono inatua mabeseni. Mikono inakunja kanga na kumfuta Bibi uso. Kisha upande wa kushoto wa picha akaingia mtoto wa kike, kuni kichwani, gauni la shule limefifia. Akazitua kuni kwa uangalifu mahali pa kuni, akatazama huku na huku, akaenda kukaa karibu kabisa na Bibi Minza, akaegemea bega lake. Nikaisimamisha picha hapo.

"Huyu ana umri gani?" nikauliza.

"Saba," akasema mchungaji. "Au nane."

"Yeye hakuigiza. Alidhani ni msiba wa kweli, na alitumwa na mama yake. Nani alimzuia mlangoni akamuuliza umri?"

Mchungaji akasema, polepole, kwamba katika mazishi yote aliyoyaongoza hajawahi kuona watoto wametolewa nje, na kwamba kuni za msibani huletwa na wao. Bwana Luhende aliikazia macho picha ile kwa muda mrefu. Miwani ilikuwa mkononi.

"Haya," akasema. "Tuseme watu wote. Lakini wakubwa wa kule wamenuna, Mama Katibu. Watawaachia watoto waende peke yao, wao wabaki majumbani. Tutakuwa tumefanya nini?"

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikawakumbusha kwamba kanuni inaruhusu kuweka sharti la uangalizi, nikawasomea nilivyoliandika: *Filamu itazamwe na watu wa umri wote, isipokuwa mtoto aliye chini ya miaka kumi ataketi pamoja na mtu mzima wa nyumba yake.* Nikaongeza kwamba hakuna mzazi wa Nkololo atakayeweza kuvumilia kelele za mtoto anayejua kuna filamu kaya ya pili na anakatazwa kwa sababu mama hataki kunyanyuka.

Afande akapiga meza kwa kiganja. "Mama! Unawavuta wakubwa kwa mkono wa watoto!"

"Ninalinda watoto," nikasema. "Ndivyo kanuni inavyoeleza."

Bwana Luhende akacheka kwa mara ya kwanza tangu tarehe 3. Wakapiga kura, wakakubaliana wote watatu. Saa tano na nusu nilikuwa nimeshachapa cheti.

Kabula alikuwa anasubiri barazani na sare zake za shule. Nilimwita ndani. Alikisoma cheti chote kwa kunong'ona, kisha akakisoma tena.

"Kwa hiyo ni leo, Mama? Mwalimu ameazima projekta na jenereta, gari la shule liko hapo nje. Tulisema tukikosa tutarudisha tu."

"Bado muhuri."

Nilikuwa nimeshika muhuri nilipomsikia anasema, "Bibi kanituma nikuulize, utakuja na nani?"

"Mwambie nimeshapita miaka kumi."

"Nilijua utalikwepa. Na yeye alijua." Akatabasamu, akaangalia chini kidogo, kama watoto wa kwetu wanapopeleka ujumbe wa mkubwa. "Amesema basi kigoda cha pili hakirudishi ndani leo mpaka ufike. Na Mwalimu anasema garini kuna nafasi."

Niligonga muhuri, nikautazama kama wino umeshika pande zote. Nikaandika tarehe kwa mkono chini yake, 25 Agosti 2023, ingawa ilikuwa imeshachapwa juu. Nikaifunika runinga ya Mzee Maduhu kwa kitenge chake, nikafunga dirisha la upande wa barabara, nikachukua mkoba wangu.

Kisha nikamuuliza Kabula hiyo nafasi iko mbele au nyuma.